Bawa la Nyuma Halikuwekwa Kuongeza Spidi

Hotuba kwa wanafunzi wa uhandisi wa magari na wapenzi wa magari, Nairobi

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, mafundi mliofunga gereji mapema ili muwe hapa, na nyinyi vijana mliojaza viti vya nyuma kama kawaida yenu: asanteni kwa kunialika.

Nimeombwa niseme juu ya upepo na magari ya kasi. Kabla sijapanda hapa, kijana mmoja amenishika mkono pale mlangoni akaniuliza: "Mwalimu, nikifunga spoila kubwa kule nyuma, gari itaongeza spidi kiasi gani?" Nikamwambia asubiri, jibu atalipata mbele ya watu wote. Jibu ni kwamba haitaongeza. Bawa kubwa litapunguza. Waliolibuni walilijua hilo vizuri sana, na bado wakalifunga.

Chukueni magari mawili ya kiwanda kimoja. Porsche 911 GT3 iliyotoka mwaka 2021 ina injini ya lita 4 yenye nguvu za farasi 510, na ikiwa na gia za kujibadilisha inafika kilomita 318 kwa saa. Mwaka uliofuata ikatangazwa ndugu yake, GT3 RS. Injini ni ya ukubwa uleule, farasi wameongezwa hadi 525. Mtu angetarajia ipite 318. Inaishia 296. Farasi 15 zaidi, kilomita 22 pungufu.

Sasa yapelekeni Nürburgring, Ujerumani, kwenye ule mzunguko wa kilomita 20.8 uliojaa kona, vilima na mabonde. GT3 ilizunguka kwa dakika 6 na sekunde 59.9. GT3 RS ilizunguka kwa dakika 6 na sekunde 49.3. Gari lenye spidi ndogo ya mwisho limemaliza sekunde 10 mapema. Nimekuja kuwaeleza jambo hilo linawezekanaje, na mwenye gari analilipia nini.

Tuanze na hewa yenyewe. Kwa kuwa hatuioni, tunaisahau, lakini ujazo wa mita moja ya hewa ya pwani, yaani mita moja urefu, moja upana na moja kimo, una kilo 1.2 hivi. Ukitoa mkono dirishani matatu ikiwa imekolea barabara, unaisikia ikikurudisha nyuma, na ukiuinamisha kiganja kidogo mkono unapanda au unashuka bila wewe kutaka. Mambo yote mawili nitakayosema yamo katika mkono huo: hewa inayokuzuia, na hewa inayokuinua au kukukandamiza.

Hewa inayokuzuia hukua kwa mraba wa kasi. Zidisha kasi mara 2, kizuizi kinakuwa mara 4. Lakini injini ina shida kubwa zaidi ya hiyo, kwa sababu lazima ikishinde kizuizi hicho na wakati huohuo ikimbie nacho. Kwa hiyo farasi wanaohitajika hukua kwa mchemraba: kasi mara 2, farasi mara 8. Nimepiga hesabu ya gari la spoti la kawaida, ambalo ukilitazama kwa mbele uso wake una mita 2 za mraba, na namba yake ya umbo, ile wahandisi wanayoiandika Cd, ni 0.35. Kupasua hewa tu, bila kuhesabu tairi na gia, kwa kilomita 100 kwa saa gari hilo linataka farasi 12. Ndiyo, 12, pikipiki ya bodaboda inakaribia kuwa nao. Kwa 200 linataka 98. Kwa 300 linataka 330. Kwa 400, farasi 780, na hapo bado hatujasokota hata tairi moja.

Ndiyo maana Bugatti Veyron ya mwaka 2005 ilihitaji silinda 16, turbo 4 na farasi 1,001 ili ifike kilomita 407 kwa saa. Na hata kwa farasi hao wote haikufika hapo ikiwa katika hali yake ya kawaida. Katika hali ya kawaida namba yake ya umbo ilikuwa 0.41, na kikomo chake kilikuwa 375. Dereva aliyetaka zaidi alilazimika kusimama, kuingiza ufunguo wa pili wa pekee, kisha gari likajishusha karibu na lami na bawa la nyuma likajikunja ndani. Namba ikashuka hadi 0.36. Angalieni wahandisi hao walivyofanya: walipotaka spidi ya mwisho, kitu cha kwanza walichokiondoa kwenye upepo ni bawa.

Kwa nini basi bawa liwepo? Kwa sababu ya ule mkono unaopanda.

Tazameni gari la spoti kwa ubavu. Juu limeviringika, chini ni bapa. Hewa inayopita juu inazunguka mgongo huo na kukimbia kuliko ile ya chini, na hewa inapokimbia shinikizo lake linashuka. Shinikizo dogo juu, kubwa chini: gari linanyanyuka. Kadiri mchoraji anavyolilainisha liteleze hewani, ndivyo mara nyingi anavyolifanya lifanane na bawa la ndege, nalo kwa utii linajaribu kuruka. Haliruki, lakini tairi za nyuma zinapungukiwa na uzito pale hasa dereva anapozihitaji. Kizuizi cha hewa dereva anakiona kwenye mafuta na kwenye dashibodi. Mnyanyuko hauonekani mpaka siku ya kukata kona ghafla kwa spidi kubwa.

Mfano ambao kila mchoraji wa magari anaujua ni Audi TT ya kwanza, iliyoingia sokoni mwaka 1998. Lilikuwa gari zuri, mgongo wa duara, mkia laini usio na kitu chochote. Kwenye barabara kuu za Ujerumani, zile ambazo sehemu nyingine hazina kikomo cha mwendo, zikatokea ajali, nyingine za vifo, magari yakiwa juu ya kilomita 180 kwa saa na dereva akibadilisha njia ghafla au akiingia kona. Kiwanda kikayaita magari kurudi. Yakarekebishwa viungo vya tairi, yakawekewa mfumo wa elektroniki wa kuzuia kuteleza, na juu ya buti kikafungwa kijispoila kidogo, kipande ambacho ukikiona utadhani ni urembo. Wapo wapenzi wa umbo walionung'unika kwamba mstari umeharibiwa. Mimi nasema mstari ulioharibika ni ule wa kwanza.

Hapa nitofautishe vitu viwili, maana mtaani vyote tunaviita spoila. Spoila hasa ni ukingo ulioshikana na bodi. Hauna hewa inayopita chini yake. Kazi yake ni kuikatiza hewa inayoteremka mgongoni, ijazane pale, shinikizo lipande juu ya buti na mnyanyuko upungue. Bawa limesimama peke yake juu ya mihimili, hewa inapita juu na chini yake, na lenyewe linazalisha mkandamizo. Spoila nzuri huweza kuondoa mnyanyuko na isikugharimu kitu. Porsche 911 Carrera RS ya mwaka 1973, ile ya mkia wa bata, ndiyo ushahidi. Wahandisi walipoweka ukingo ule mfupi uliopinda juu ya injini ya nyuma, mnyanyuko ulipungua, hewa ikaachana na bodi kwa utaratibu zaidi, na spidi ya mwisho ikapanda kidogo, kilomita 4 na ushee. Kiwanda kilikuwa na mpango wa kutengeneza 500 tu ili gari likubaliwe kwenye mashindano. Yakatengenezwa 1,580. Kwa hiyo nililosema mwanzo lina tundu: ukingo mdogo uliowekwa mahali pake baada ya kupimwa unaweza kukupa vyote viwili. Bawa kubwa haliwezi.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye kisa kimoja cha kiwanda hichohicho, kwa sababu kinawahusu nyinyi mafundi kuliko maprofesa. Mwaka 1969 Porsche ilileta gari la mashindano liitwalo 917, silinda 12, lita 4.5, farasi zaidi ya 500. Lilichorwa kwa imani ya wakati ule: mkia mrefu, laini, kizuizi kidogo kadiri iwezekanavyo, kwa sababu kwenye mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, palikuwa na barabara iliyonyooka ya karibu kilomita 6. Likawa la kasi ya kutisha na pia la kutisha tu. Kwenye spidi kubwa lilitangatanga barabarani, na madereva wazoefu walilikwepa waziwazi. Katika mzunguko wa kwanza wa Le Mans mwaka huo, John Woolfe, Mwingereza aliyekuwa amenunua lake, alipata ajali nalo akafa.

Mwezi wa Oktoba walilipeleka kwenye uwanja wa Zeltweg, Austria, kulijaribu. Walidhani tatizo ni springi, shokomzoba, tairi. Wakabadilisha hiki na kile, wapi. Kulikuwa na mhandisi Mwingereza, John Horsman, wa timu ya John Wyer iliyokuwa ikijiandaa kuliendesha gari hilo msimu ufuatao. Alilitazama gari likiwa limesimama, akaona limetapakaa wadudu waliogongwa: pua, kioo cha mbele, mabega. Mkiani kulikuwa safi. Hakuna mdudu hata mmoja kwenye vile vikingo vya nyuma vilivyowekwa kulishikilia chini. Kama wadudu hawafiki, basi na hewa inayowabeba haifiki. Mkia wote ule mrefu ulikuwa umelala ndani ya hewa iliyokufa.

Wakachukua mabati ya alumini, wakakata, wakakunja, wakafunga pale pale uwanjani mkia mfupi unaopanda juu badala ya kuteremka. Madereva walirudi wakiwa watu wengine. Gari lilelile, injini ileile, sasa linashika barabara. Umbo hilo likaitwa 917K, na mwaka 1970 Hans Herrmann na Richard Attwood wakaipa Porsche ushindi wake wa kwanza wa jumla Le Mans. Lile la mkia mfupi lilizuiwa na hewa zaidi kuliko lile la mkia mrefu, na lilishinda hata hivyo, maana dereva anayeliamini gari hafyatui mguu.

Hamhitaji handaki la upepo, yaani chumba cha kupulizia gari hewa ili lipimwe, kujua kama hewa inafika kwenye spoila yenu. Kateni nyuzi za sufu za urefu wa kidole, zibandikeni kwa gundi ya karatasi kwenye kioo cha nyuma, kwenye buti, na chini ya bawa. Mmoja aendeshe, mwingine apige video kutoka gari la pili, katika eneo salama lililofungwa. Uzi unaolala umenyooka kuelekea nyuma una hewa nzuri. Uzi unaochezacheza na kugeuka mbele uko ndani ya hewa iliyokufa, na bawa lililosimama hapo ni mzigo tu. Nimeona sedani nyingi hapa mjini zenye bawa lililofungwa chini kabisa, nyuma ya kioo kilichosimama wima. Hizo sihitaji hata nyuzi.

Mabawa yenyewe yana historia fupi na yenye damu kidogo. Mswisi Michael May alifunga bawa juu ya Porsche 550 yake mwaka 1956, akaenda nalo Nürburgring, na wasimamizi wakalikataa. Wazo likalala miaka 10. Mwaka 1966 Mmarekani Jim Hall, huko Texas, akatoa Chaparral 2E ikiwa na bawa refu juu ya nguzo mbili. Ufundi wake ulikuwa mahali nguzo zilipokanyaga: hazikushika bodi, zilishika moja kwa moja kwenye vitovu vya magurudumu, mkandamizo ukaenda kwenye tairi bila kuzilaza springi. Na kwa kuwa gari lake halikuwa na klachi ya kukanyaga, mguu wa kushoto ulikuwa huru, akaupa pedeli ya bawa: kanyaga kwenye njia iliyonyooka, bawa linalala, achia kwenye kona, linasimama.

Formula 1 ikaiga mwaka 1968, kwa pupa. Nguzo zikawa ndefu na nyembamba. Mei 1969, Montjuïc, Barcelona, mabawa ya Lotus mbili, la Graham Hill na la Jochen Rindt, yalivunjika katika shindano hilohilo, na Rindt akaligonga gari la Hill lililokuwa tayari limeharibika. Walitoka hai. Majuma mawili baadaye, Monaco, mabawa marefu yakapigwa marufuku katikati ya shughuli za mashindano. Fundi anayechomelea bawa kwenye bati la buti bila kulipa mhimili wa ndani akumbuke kwamba bawa likifanya kazi yake sawasawa, linavuta kile kilicholishika kwa nguvu zilezile.

Sasa, mkandamizo unasaidiaje? Tairi hushika lami kulingana na uzito unaolikanyaga. Ukipakia magunia ya saruji kwenye buti, tairi zitashika zaidi, lakini gari nalo limekuwa zito, na kona inataka kuutupa nje uzito huo wote. Hujapata kitu. Hewa inakanyaga tairi bila kuwa na uzito wa kugeuzwa. GT3 RS niliyoianza nayo ina uzito wa kilo 1,450. Ikiwa kilomita 200 kwa saa hewa inaikandamiza kwa kilo 409, na ikiwa 285, kwa kilo 860. Tairi zake zinashika kama za gari la kilo zaidi ya 2,300, huku kinachogeuzwa kwenye kona ni 1,450 zilezile. Hapo ndipo zinapotoka zile sekunde 10: anaingia kona akiwa na mwendo mkubwa zaidi, anafunga breki akiwa amechelewa zaidi, na mapungufu yake kwenye njia iliyonyooka hayafiki faida hiyo.

Wengi hudhani upepo unalikanyaga bawa kwa juu. Kazi kubwa inafanyika chini yake, pale hewa inapokimbia na kulivuta. Ndiyo maana mihimili ya bawa la GT3 RS imelishika kutokea juu, tumbo lake libaki wazi. Na bawa lile limepanda juu ya paa, likatafute hewa ambayo haijavurugwa na kioo. Tena halifanyi kazi peke yake. Bawa linaning'inia nyuma ya tairi za nyuma, kwa hiyo linapozikandamiza hizo, pua inanyanyuka. Bila vibawa vya mbele na hewa iliyopangwa chini ya gari, utashika nyuma na kukosa usukani. Mtu akikuuzia bawa la nyuma pekee, muulize la mbele liko wapi.

Wapo walionunua bawa kwa macho, na siwacheki sana. Lamborghini Countach ya miaka ya mwisho ya 1970 ilikuja na bawa la umbo la V, la hiari. Liliipunguzia gari spidi ya mwisho kwa kilomita 16 au zaidi. Wanunuzi wengi waliliagiza. Picha iliyobandikwa kwenye kuta za vyumba vya vijana dunia nzima ni ya Countach iliyocheleweshwa.

Njia ya kutolipa bei hiyo kila wakati ni bawa linalocheza, wazo la Jim Hall likirudi na kompyuta. 911 ya mwaka 1989 ilikuwa na spoila iliyoinuka yenyewe ikifika kilomita 80 kwa saa. Bawa la Veyron, dereva akikanyaga breki kwa nguvu kwenye mwendo mkubwa, linasimama kwa digrii 55 ndani ya sehemu 4 za kumi za sekunde, nalo likawa breki ya hewa. Mercedes walikuwa wameshafanya hivyo Le Mans mwaka 1955 kwa kifuniko kilichoinuka nyuma ya dereva. Formula 1 iliruhusu mwaka 2011 bawa la nyuma lifunguke kwenye njia iliyonyooka ili kupita magari kuwe rahisi, na GT3 RS ina kitufe cha jambo hilohilo kwenye usukani.

Nimalizie na hapa tulipo, kwa sababu Nairobi ina jambo lake. Tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Kizuizi kimepungua kwa kiasi hicho, na mkandamizo umepungua kwa kiasi hichohicho. Injini isiyo na turbo nayo imepungukiwa pumzi kwa kiasi hicho, kwa hiyo spidi yake ya mwisho ni karibu ileile ya Mombasa, inachelewa tu kuifikia. Kule Mexico City, mita 2,200 na zaidi, timu za Formula 1 hufunga mabawa makubwa kama ya Monaco, penye kona nyingi za polepole, na bado gari linateleza hewani kama lina yale madogo ya Monza, Italia, penye njia ndefu zilizonyooka.

Lakini nyinyi wenye Subaru za turbo, na najua mko wengi humu, hesabu yenu ni nyingine. Turbo inairudishia injini sehemu kubwa ya pumzi iliyopotea, kizuizi hakijarudi, kwa hiyo gari linaweza kukimbia huku juu kuliko linavyokimbia pwani. Mkandamizo haujarudi pia. Mna spidi zaidi na bawa linalofanya kazi pungufu. Na kwa kikomo cha barabara kuu zetu, kilomita 110 kwa saa, hata lile bawa kubwa la GT3 RS pamoja na vibawa vyake vyote, likiwa usawa wa bahari, lisingefika kilo 130 za mkandamizo. La duka la vipuri msiulize. Anayetaka kwenda kasi kwenye siku za mbio zilizoruhusiwa aweke pesa kwanza kwenye tairi, kisha breki, kisha shokomzoba. Zikibaki, anitafute na gundi ya karatasi na nyuzi, tulipime bawa lake. Karibuni kwa maswali.